Video ya harusi kutoa sauti bila picha kwenye televisheni

Ndugu yangu wa Kisumu, umesema video ya harusi inacheza vizuri kwenye kompyuta yako, lakini kwa wazazi wa bibi harusi kule Ahero televisheni inatoa sauti huku skrini ikibaki nyeusi. Kamera yako haina kasoro. MP4, aina ya faili ya video, ni gunia tu, tatizo liko kwa kilichotiwa ndani. Umerekodi kwa H.265 (njia ya kubana video), biti 10 (ngazi nyingi za rangi), 4:2:2 (kiasi cha taarifa za rangi kinachohifadhiwa), na televisheni nyingi, hata zile zinazosoma H.265, huishia 4:2:0, yenye taarifa chache zaidi za rangi. Kompyuta inaweza kwa sababu VLC, kichezeshi cha video, hufungua picha kwa programu, haitegemei chipu peke yake.

Tafadhali usiache kurekodi hivyo. Hizo biti 10 zinakusaidia sana unaporekebisha rangi ya gauni jeupe lililopigwa na jua la saa saba mchana. Badilisha nakala ya mteja pekee: H.264 (njia ya kubana iliyotangulia H.265), biti 8, 4:2:0, 1080p, sauti ya AAC. HandBrake, programu ya kubadilisha video, ni ya bure na inaitosha kazi hiyo. Kompyuta ikiwa nzito, iache ifanye kazi usiku.

Flashi nayo iangalie. FAT32, mfumo mmoja wa kupanga faili kwenye flashi, haipokei faili ya GB 4 au zaidi, na televisheni kadhaa za zamani hazisomi exFAT, mfumo mwingine unaopokea faili kubwa. Mimi hugawa: kanisani faili moja, karamu nyingine. Na faili asilia usizifute hadi familia iitazame kazi yote kwa televisheni yao wenyewe.