Maswali ya Wachezaji: Nahodha Mwovu Anajijua?

SWALI: Assalam aleikum. Tuko watano hapa Langoni, Lamu, tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu) toleo la tano, kanuni za 2014, na mimi ndiye mwendesha mchezo. Mwenzetu mmoja anaigiza nahodha wa jahazi anayewatoza wavuvi pesa za ulinzi. Kwenye karatasi ya mhusika kaandika kwamba mwelekeo wake, yaani msimamo wake kati ya wema na uovu, sheria na vurugu, ni mwovu mshika sheria. Juzi paladini wa kundi, yaani shujaa mtakatifu mwenye nguvu za kiungu, akamuuliza, "Wewe ni mtu mwovu?" Nahodha akajibu, "Ndiyo, mwovu mshika sheria." Watu wakacheka mpaka mchezo ukakatika. Je, nahodha anajua mwelekeo wake? Na paladini angeweza kuujua kwa nguvu zake? – *Mwendesha mchezo, Lamu*

JIBU: Waaleikum salaam. Tuanze na paladini, maana kwake kanuni iko wazi. Katika toleo mnalocheza, hisi yake ya kiungu inamwonyesha viumbe wa aina tatu tu: wa mbinguni, mashetani na wafu wanaotembea, walio ndani ya futi 60 (kama mita 18) na wasiojificha nyuma ya kizuizi kamili. Uchawi wa kutambua wema na uovu unaongeza aina nyingine za viumbe, lakini unaishia futi 30. Nahodha ni binadamu. Hata awe mwovu kiasi gani, paladini hasikii kitu.

Kinachowachanganya wengi ni mazoea ya toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000. Huko paladini alitambua uovu wakati wowote atakao, kwa wanadamu pia, ila ilimbidi atulie. Raundi ya kwanza aligundua tu kwamba uovu upo. Ya pili, idadi ya waovu na nguvu ya aliye mkubwa wao. Ya tatu ndipo alijua kila mmoja yuko wapi. Raundi ni sekunde sita, kwa hiyo mtu aliyepita mbio sokoni alikuwa amekwisha kwenda zake. Tena futi moja ya jiwe ilitosha kuukinga uchawi huo. Mkitumia kanuni hizo na mji wenu una nyumba kama za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, kumbukeni kwamba ukuta wa matumbawe umezidi unene huo: paladini aliyesimama uchochoroni hamwoni aliye ukumbini.

Sasa nahodha mwenyewe. Mchezo ulipochapishwa mara ya kwanza, 1974, mielekeo ilikuwa mitatu tu, sheria, kati na vurugu, na kila mwelekeo ulikuwa na lugha yake ya siri. Mhusika wa siku zile alijijua bila shaka, kwa kuwa lugha alikuwa akiisema. Mielekeo ikafika tisa, na toleo la pili la 1989 likaziacha lugha hizo. Baadaye, katika kanuni za toleo la tatu, kulikuwa na hirizi ya bei ya vipande 1,000 vya dhahabu iliyomtahadharisha mvaaji kabla hajatenda jambo la kuharibu mwelekeo wake. Hiyo kwetu ni hoja nzito kuliko mabishano yote ya mezani: kama kila mtu angejijua, nani angetoa dhahabu elfu nzima kununua kitu hicho?

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Nahodha anajua kwamba duniani mwake wema na uovu ni nguvu za kweli. Mashetani wapo na makuhani wanawafukuza. Asichokijua ni kwamba yeye yuko upande gani. Nyani haoni kundule. Mwelekeo ulioandikwa karatasini ni taarifa yako na ya mchezaji, si maneno ya nahodha.

Mwambie mchezaji aandike chini ya mwelekeo sentensi mbili kwa sauti ya nahodha. Ya kwanza iwe utetezi wake: "Asiyelipa ushuru wangu anawaibia waliolipa." Ya pili iwe mpaka wake: "Sivunji ahadi niliyoitoa mbele ya mashahidi." Paladini akiuliza tena, mchezaji ajibu kwa sentensi ya kwanza. Utaona mara moja kwamba swali limegeuka ugomvi wa kweli, na kicheko hakina pa kuingilia.

Ukiona anateleza kwenda mwelekeo mwingine, usimbadilishe kwa tendo moja. Andika matendo kwenye daftari lako, na kabla ya zito zaidi mwulize: "Nahodha angelieleza vipi jambo hili kwa mabaharia wake?" Akikosa jibu, basi mhusika amebadilika na mchezaji amekubali mwenyewe. Jihadhari na yule wa "ndivyo mhusika wangu alivyo" kila anapowaibia wenzake. Huyo mwelekeo haumhusu; zungumza naye pembeni, mchezo ukiisha.

SWALI: Kundi letu la Malindi lilipata talasimu ya wema halisi. Mwizi wetu, ambaye ni wa kati, akaigusa ikamuunguza. Sasa kila mtu anasema kumbe ni mwovu. Ni haki? – *Msomaji, Malindi*

JIBU: Si haki, na kosa liko kwenye dadu. Talasimu hiyo inamuunguza asiye mwema wala mwovu kwa dadu sita za pande sita, na mwovu kwa dadu nane. Dadu sita hutoa 6 hadi 36, nane hutoa 8 hadi 48. Mtu akiumia kwa 25, wahusika hawana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Wameona mkono ulioungua, basi. Wachezaji ndio waliohesabu dadu mezani. Mara nyingine mwendesha mchezo azirushe nyuma ya kizuizi na ataje jumla peke yake. Kitu pekee ambacho wahusika wana haki ya kukisema ni kwamba mwizi si mwema, na hilo, kwa mwizi, sidhani kama liliwashangaza.

SWALI: Tunaweza kuuacha mwelekeo kabisa?

JIBU: Mnaweza. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, iliuondoa katika kanuni zake zilizorekebishwa 2023, ikaweka maagizo na miiko: mambo ambayo mhusika hujitahidi kuyatenda na yale asiyoyagusa. Maagizo mawili na miiko miwili yanatosha kuanzia. Hayo mhusika anayajua kwa moyo, kwa hiyo swali la kwanza la leo halitawasumbua. Lakini kwanza pitieni vitu vya uchawi mlivyonavyo: kila kinachouliza mwelekeo, kama ile talasimu, kitahitaji kanuni mpya.