Mtoto anajifunza fidla, mzazi hajui muziki

Dada, umeuliza utamsaidiaje mwanao wa miaka 8 anayefundishwa fidla ilhali wewe hujui muziki. Huhitaji kuujua. Kaa naye dakika 15 kila siku, kabla hajachoka. Zinamfaa kuliko saa 2 za Jumamosi pekee. Mwombe mwalimu aandike daftarini sehemu ya kurudia, maana watoto hupenda kupiga wimbo mzima na kuparuka pale panapowashinda. Arudie hapohapo, polepole, mpaka vidole vizoee. Fidla isiachwe ndani ya gari juani, gundi inayoshika mbao zake huachia. Na tafadhali sana, usimlazimishe kuwapigia wageni! Kama mpo Unguja, mpeleke akasikilize kikundi cha taarab kikifanya mazoezi, aone watu wazima nao wanavyorudia.