Rudi kwenye ukili wako

Dada, umeuliza kama ni ubinafsi kurudi kusuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, ilhali unamuuguza mama nyumbani na ada za wadogo zako zinakungoja. Hata kidogo. Umechoka kwa sababu kila saa yako ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Jioni lowesha miyaa, yale majani ya kusukia, ilainike, kaa barazani nusu saa, simu iache ndani. Kumgeuza mama kitandani amfanyie kaka yako, mikono anayo. Vidole vikishika hesabu ya miyaa, kichwa hakipati nafasi ya kuhesabu madeni. Usingizi ukiendelea kukukimbia, au ukijikuta unalia ovyo, nenda kituo cha afya. Halafu majirani wakiuona mkeka wataanza kuagiza wao. Wakatalie, walau mpaka uumalize huu wa kwanza.