Njia ulioizoea ndo inayokuficha vitu

Mie nimeendesha gari ya abiria huku Unguja miaka 11, njia ya 116, Darajani mpaka Nungwi na kurudi. Mahonda, Kinyasini, Kivunge, kila tuta nalijua lilipo, hata usiku wa kiza ningekwambia sasa hivi tunaufikia mwembe flani. Na ni njia hiyohiyo nilokaribia kumgonga mtoto.

Kuna skuli ipo ukingoni mwa barabara, siku zote nikikaribia pale mguu unaachia mafuta wenyewe na macho yanakwenda getini, wala sijiulizi. Siku ile nikapunguza kama kawaida, nikatizama getini, hamna mtu, nikakanyaga. Konda akapiga ukelele "Breki!" nikafunga breki kabla sijajua nafunga kwa ajili gani. Mtoto wa kike, mtandio mweupe, madaftari kayakumbatia kifuani, kasimama katikati ya lami ananitizama, hatua 3 tu mbele ya bampa. Nikateremka miguu yote inatetemeka ndo nikaona, geti la zamani limezibwa kwa matofali na plasta imeshakauka zamani, geti jipya liko mbele yake kidogo. Nikamuuliza mama anaeuza muhogo pale, hili geti toka lini? Akanambia "Toka mfunguo mosi, baba." Na sisi siku ile tuko mwisho wa mfunguo pili. Yaani karibu miezi miwili napita pale mara 4 kwa siku naangalia geti ambalo halipo.

Hili jambo nimelifikiria sana tokea siku ile, kwa sababu wengi tunaamini mzoefu anaona zaidi, na ni kweli, ila si kila kitu.

Mpwa wangu alipopata lena, ile leseni ya kujifunzia, nikawa namfundisha mie. Macho yake yote yako hapo mbele ya boneti, shimo, shimo, mstari, vioo vya pembeni kama havipo. Tukatoka Bububu mara nikamwambia punguza, kuna kitu mbele, na kweli mbele likatokea gari la ng'ombe limebeba majani. Akashangaa, "Mjomba, umelionaje?" Nikamwambia sikuliona mwanangu, nimeiona ile noah ya mbele kabisa imejivuta kulia na taa za breki zimewaka, mtu hajivuti hivo bure. Hili sio la kwangu peke yangu, mwaka 1972 kule Marekani watafiti Mourant na Rockwell walifuatilia macho ya madereva wakakuta wapya wanatizama karibu na gari na vioo hawavitumii sana, wazoefu wanayatupa macho mbali na kuyatembeza.

Lakini sasa wiki hiyohiyo tukapita Amani wakati flaiova inajengwa, njia zinahamishwa hamishwa, ni yeye alonambia "Mjomba, jana tulipita upande ule, leo wameweka mapipa." Mie nilikuwa nishaanza kukata kona kwa mazoea.

Nyoosha mkono utizame kidole gumba chako. Sehemu ambayo jicho linaiona wazi kabisa kwa mara moja ni kama upana wa kidole hicho, kwengine kote ni ukungu, akili inajaziliza kwa kile inachokijua tayari. Dereva mpya hana cha kujaziliza kwa hivo anachelewa kujua hatari itatokea wapi, mzoefu anacho kingi mno mpaka anajaza geti lilozibwa. Na ukiwa kwenye 60 gari inakula karibu mita 17 kila sekunde, muda wa kukumbuka vizuri huna.

Kwa hivo kama unaanza, lazimisha macho yaende mbali, tizama gari ya tatu mbele yako sio matako ya hii iliokutangulia, halafu vioo, halafu urudi. Daladala ikisimama inashusha, tizama chini yake, miguu ya mtu anaetaka kuvuka utaiona kabla hujakiona kichwa. Na wewe mkongwe mwenzangu, sema kwa mdomo unachokiona, kwa sauti kabisa, hata abiria wakikushangaa. Ukijilazimisha kukitaja kitu, na macho yanalazimika kukitafuta. Mie hufanya hivi zaidi nikienda upande wa kusini, pale msitu wa Jozani kwenye matuta, yaliwekwa kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa, na Ramadhani ile nusu saa kabla ya magharibi, kila mtu ana haraka ya futari na jua liko machoni. Simu iache, hata ya kusikiliza tu, kwani macho yatakuwa barabarani na akili iko kwa huyo unaeongea nae.

Juzi tulipita ile skuli, mpwa wangu ndo yuko kwenye usukani, leseni ameshapata. Akaanza mwenyewe, "Geti jipya liko wazi. Watoto wawili chini ya mwembe. Mmoja kiatu kimemvuka, kiko barabarani, atakirudia," akapunguza mpaka gari ikasimama. Mtoto akaja mbio akakiokota kiatu chake akarudi. Mie watoto niliwaona, kiatu sikukiona.