Mnaokuja field: mkipewa kuandika historia ya kituo cha televisheni

Wadogo zangu mnaokuja field hapa Mtwara, wiki ya kwanza mnaweza kupewa kazi ya kuandika historia ya kituo. Mtaona mmepewa ili msikae bure, na pengine ni kweli. Ifanyeni hivyo hivyo.

Msianzie kwa meneja. Atawapa maelezo ya kampuni yaliyochapwa vizuri, yenye tarehe moja tu: siku mgeni rasmi alipokata utepe. Kituo kina tarehe tatu, ya leseni, ya matangazo ya majaribio na ya uzinduzi. Ya majaribio ndiyo ngumu kuipata. Iko kichwani kwa fundi mitambo aliyepanda mnara, na kwa mzee wa Chikongola aliyekuwa na seti peke yake mtaani, sebule imejaa watoto na wengine wanachungulia dirishani.

Sasa, mzee huyo hatataja mwaka. Atasema "kabla ya daraja". Hilo ni la Mkapa, Rufiji, lililofunguliwa 2003. Zamani basi la Dar lilisubiri kivuko pale Ndundu, na kanda ya habari aliyopewa kondakta ikasubiri nayo. "Mwaka wa vurugu za gesi" ni 2013. "Korosho za jeshi" ni msimu ulioanza 2018, serikali ilipotuma wanajeshi kuzisomba. Andaeni orodha ya matukio ya namna hii kabla hamjatoka ofisini. Ila "kabla ya ving'amuzi" muiangalie vizuri: Dar analojia ilizimwa 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Msibandike tarehe ya Dar kwenye habari ya Lindi.

Makaratasi nayo yana mitego. Barua ya 1998 yenye TBC haitoki kwa shirika tunalolijua leo, ambalo limekuja 2007 likichukua nafasi ya TVT, televisheni ya taifa, na redio ya taifa. TBC ya kwenye barua ile ilikuwa Tume ya Utangazaji, watoa leseni kabla TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haijaundwa 2003. Ukichanganya hapo, kituo cha mtu binafsi unakifanya cha serikali.

Na "cha kwanza nchini" achaneni nayo. Bara televisheni ilianza 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970.

Picha za zamani ni chache. Kanda zilikuwa ghali, basi mechi ya uwanja wa Nangwanda ikarekodiwa juu ya mnada wa korosho, na mnada juu ya hotuba ya mtu. Zilizobaki zimeota ukungu kwa unyevu wa pwani. Msizitumbukize kwenye deki kabla fundi hajazisafisha, maana uchafu unabaki kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, na kanda inayofuata inaharibika pia. Waulizeni wapiga video za harusi wa siku nyingi, maana nao huenda waliwahi kushika kamera za kituo na wana nakala juu ya kabati. Msiombe kuondoka nazo. Nendeni na kompyuta yenu, nakilini mbele ya mwenye kanda, mwachieni palepale.