Ile alama ya kutoa nje ya mabano

Juzi usiku binti mmoja wa kidato cha nne kaniandikia: "Kaka, hesabu ikifanywa ubaoni naelewa kabisa. Nikikaa mwenyewe, sipati. Nina shida gani?" Nikacheka, kisha cheko likanikauka. Maneno hayo nilishayasema mimi.

Moko yangu ya hesabu, ule mtihani wa majaribio kabla ya taifa, nilipata 28. D inaanzia 30, kwa hiyo hiyo ni F, na mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima, akaongezea na neno lake kuhusu watu wanaokuja shule kula ugali. Walivyocheka wale, hadi leo nawasikia. Na kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nasoma! Tuisheni kila jioni, mitihani ya nyuma lundo zima chini ya kitanda. Ila nilipenda kupiga hesabu kichwani na kuandika jibu tu, nionekane mkali.

Likizo akaja binamu yangu, kamaliza kidato cha sita. Hakunifundisha chochote. Alinipa 3(x − 4) − 2(x − 5) = 7, nikamjibu palepale: 29.

"Haya, irudishe hiyo 29 ndani."

Nikairudisha. 3 mara 25 ni 75, 2 mara 24 ni 48, toa, inabaki 27. Siyo 7. Akanisukumia karatasi: andika, mstari mmoja kitendo kimoja. Nikaandika 3x − 12 − 2x − 10, akaweka kidole kwenye ile 10 ya mwisho, kimya. Hasi mara hasi! Ni +10. Basi x − 2 = 7, na x ni 9. Rudisha: 15 toa 8, 7.

Tukapekua madaftari yangu usiku ule. Makosa niliyodhani ni hamsini yalikuwa mawili: alama ya kutoa nje ya mabano, na kukata sehemu kabla ya kutafuta asili ya pamoja. Mawili tu, miaka minne.

Miezi iliyofuata siisimulii, ni kuandika na kufuta. Mtihani wa taifa nikapata B. Yule mwalimu sikumtafuta, lakini nisidanganye, natamani awe aliyaona matokeo.

Kwa hiyo mdogo wangu, andika hatua. Karatasi yenyewe ya mtihani wa taifa inakuagiza uonyeshe kazi yote, na kalkuleta huruhusiwi, sasa hicho kichwa unakichosha cha nini? Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, B manne ya alama 10. Alama hizo haziko kwenye jibu peke yake. Ukiteleza mwishoni, hatua zako za juu zinakuokotea kitu. Alama za sawasawa zipange moja chini ya nyingine. Jibu lirudishe ndani. Na andika hatua, nasema tena, hata swali likiwa jepesi, hasa likiwa jepesi. Ninyi wa siku hizi mnapiga picha swali, simu inawafanyia, mnasema mmeelewa. Mmeelewa nini? Mmetazama mwenzenu akiogelea.

Yule binti nilimwomba anitumie picha ya swali alilokosa wiki hii. Imefika asubuhi: jibu moja, limepigiwa mistari miwili chini kwa rula, na juu yake nusu ukurasa mweupe.