Kubandua utando wa zamani kwenye uso wa gari-nyumba bila kuharibu rangi

Swali: Fundi, nina gari-nyumba lililoletwa kutoka Uingereza mwaka 2016. Uso wake, kuanzia bampa hadi ile sehemu inayochomoza juu ya dereva, ulibandikwa utando wa plastiki wa kukinga rangi dhidi ya kokoto. Sasa utando umegeuka manjano, kule juu umepasukapasuka, na upande wa chini umeanza kujikunja pembeni. Fundi mmoja wa mtaani ameniambia atauondoa kwa thina na wembe kwa siku moja. Je, nikubali?
Msomaji, Lang'ata

Jibu: Usikubali, ndugu msomaji, na ninakuomba usiruhusu thina wala wembe kufika kwenye uso wa gari hilo. Thina ya kuchanganyia rangi ilitengenezwa ili iyeyushe rangi, kwa hiyo haibagui kati ya gundi ya utando na rangi iliyo chini yake. Wembe una hatari ya namna nyingine. Utando wa aina hii kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 150 hadi 200 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima, yaani tabaka la chini kabisa, hadi klia, lile tabaka angavu la juu, ni kama mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni 40 au 50 hivi. Unachokiondoa ni kinene kuliko unachotaka kukihifadhi, na mkono unaosukuma chuma chenye makali hauwezi kuhisi mahali kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia.

Kabla ya kugusa chochote, jua uso wa gari lako umetengenezwa kwa nini, kwa sababu magari mengi ya aina hii hayana uso wa kitu kimoja. Boneti mara nyingi ni chuma, bampa ni plastiki, na ile sehemu ya juu ya dereva ni faibaglasi au plastiki ya ABS. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini itakuonyesha chuma kiko wapi. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika kazi yenyewe: chuma husambaza joto upesi, lakini faibaglasi huliacha likusanyike mahali pamoja, na joto likizidi, resini, yaani ile gundi ngumu inayoshika nyuzi za faibaglasi, hulegea na nyuzi za ndani hujitokeza juu ya rangi kama alama ambazo polishi haiwezi kuziondoa. ABS nayo huyeyuka kabisa ikiguswa na asetoni, kiyeyushi kikali.

Jambo la pili ni kujua kama gari limewahi kupakwa rangi upya. Tazama kwenye mipira ya kioo cha mbele na nyuma ya taa kama kuna ukungu wa rangi au mstari ulioachwa na utepe wa fundi. Kisha tafuta mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa ukingo wa boneti, upasugue kidogo kwa kitambaa cheupe chenye tone la thina. Hapo ndipo mahali pekee ninapoikubali. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, au uso ukaanza kunata, ujue kuwa rangi hiyo haikuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuikaza, na utando unaweza kung'oka nayo. Rangi ya kiwandani iliyookwa kwenye tanuri kwa kawaida hustahimili kubanduliwa. Rangi ya gereji iliyopigwa juu ya uso usiosuguliwa vizuri kwa msasa inaweza isistahimili, na hilo ni heri ulijue leo kuliko kulijua boneti ikiwa nusu tupu.

Umesema kuwa juu kumepasuka na chini kunajikunja. Nairobi iko zaidi ya digrii moja kidogo tu kusini mwa ikweta, na iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana hupita karibu na utosi na miale yake ya urujuanimno ni mikali, kwa hiyo mteremko ulio juu ya dereva huipokea moja kwa moja, wakati bampa na sehemu zilizosimama wima hupata kidogo. Kwa hiyo una kazi mbili tofauti kwenye gari moja, na fundi atakayezifanya zote kwa njia moja ataharibu mojawapo.

Anza na boneti na bampa, ambako utando bado una mnyumbuliko. Lengo ni kuutoa ukiwa kipande kizima pamoja na gundi yake, kwa kuwa kila dakika unayoiokoa kwa kuvuta haraka utailipa baadaye kwa kusugua gundi iliyobaki. Osha gari kwanza, liache likauke, na ufanye kazi kivulini. Tumia mashine ya kukaushia nywele, wala si ile ya mafundi ya kupuliza hewa ya moto, ambayo inaweza kuzidi digrii 500. Pasha eneo lenye upana wa kiganja huku ukiisogeza mashine bila kusimama, hadi uso ufike kati ya digrii 50 na 60. Kama huna kipimajoto, weka kiganja: ukilazimika kukitoa mara moja, umezidisha. Inua pembe kwa ukucha au kikwangulio cha plastiki, kisha uuvute utando ukiwa umelala nyuma karibu na uso wa gari, polepole, sentimita chache kwa wakati. Usiuvute kuelekea kwako, kwa sababu mvuto wa namna hiyo hukusanya nguvu yote kwenye mstari mmoja na kuinua rangi. Ukiona gundi inaanza kubaki, rudisha joto kidogo au punguza mwendo. Ukiona rangi inainuka, simama papo hapo, ukate utando hapo kwa mkasi na uanze tena kutoka upande wa pili.

Asubuhi za Juni hadi Agosti mjini kwetu ni za baridi na utando huwa mgumu, kwa hiyo ngoja hadi saa tano au sita ndipo uanze.

Sehemu ya juu ndiyo itakayokula muda. Utando uliopasuka kama udongo wa bwawa lililokauka hauvutiki. Hutoka vipandevipande, na mara nyingi tabaka la plastiki huachana na gundi. Juu ya faibaglasi ninapendelea joto lenye unyevu, yaani taulo nene zilizolowekwa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, kisha kulazwa juu ya utando na kufunikwa kwa nailoni kwa dakika kadhaa. Maji huchemka Nairobi kwenye digrii 94 hivi, na yakishafika kwenye taulo yamepoa zaidi, kwa hiyo ni vigumu kuuchoma uso kwa njia hii, na joto huenea sawasawa. Vaa glavu nene, fanya kazi juu ya jukwaa imara badala ya ngazi ya kuegemeza, na ukwangue kwa wembe wa plastiki ukiwa umelazwa karibu kabisa na uso. Lile gurudumu la mpira la kufutia gundi linalofungwa kwenye drili ninalikubali juu ya chuma chenye rangi ya kiwandani tu, kwa mwendo mdogo. Juu ya faibaglasi halifai, kwa sababu joto la msuguano halina pa kwenda. Vijana wa kuosha magari nao wasijaribu kung'oa vipande kwa mashine ya presha, kwani maji hupenya palipo na alama za kokoto na kuinua rangi.

Kwa gundi inayobaki, chukua waiti spiriti au tapentaini, na ujaribu kwanza mahali padogo. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya gundi, ukifunike kwa nailoni ili kisikauke, usubiri kama dakika kumi, kisha futa bila kukandamiza. Rudia mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Mafuta ya taa pia hulainisha gundi, lakini huacha mafuta mengi yanayohitaji kuoshwa kwa sabuni. Vyote hivi vinawaka moto, kwa hiyo zima na uondoe kila kifaa cha joto kabla ya kufungua chupa, na ufanye kazi penye hewa.

Ukishamaliza, osha kwa sabuni na upitishe kiganja; panaponata pana gundi bado. Utaona mstari mahali utando ulipoishia, kwa kuwa rangi iliyofunikwa haikupauka kama ile ya pembeni. Kompaundi laini na polishi, ikipigwa zaidi kwenye upande uliopauka, hupunguza tofauti hiyo sana. Alama za nyufa zilizochapika kwenye klia ni suala jingine: jua lilipita kwenye nyufa kwa miaka, na zikiwa za kina hazitatoka kwa polishi. Usikubali mtu azisugue hadi klia iishe. Sehemu hiyo ya juu itahitaji kupakwa upya, na ikiwa utataka kubandika utando mpya juu yake, ipe rangi angalau siku 30 ikomae, au muda mrefu zaidi kama mtengenezaji wa rangi hiyo ameagiza hivyo, ili vimumunyisho, yaani viyeyushi vya rangi, vilivyobaki ndani yake vitoke kabla ya kufungiwa chini ya plastiki.